Maneno ya ski kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano: mwongozo kamili kwa anayeenda Alps mara ya kwanza

Watu wakijiandaa na safari ya ski (kuteleza kwenye theluji) huwa wanakariri "naitwa fulani, natokea Mombasa, nashukuru sana", ni vizuri, lakini ukweli ni kwamba kwenye miji mingi ya ski kule Alps wafanyakazi wanaongea Kiingereza na hayo utayamaliza bila shida. Kinachosumbua ni bango lililosimama peke yake kwenye ukungu na yule jamaa wa lifti (mtambo wa kukupandisha mlimani) anayekupigia kelele kwa lugha yake wakati kiti kinakuja nyuma yako. Hapo hakuna wa kukutafsiria na simu iko mfukoni chini ya glavu. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa mpangilio wa siku yenyewe, kuanzia dukani asubuhi mpaka kwenye basi la jioni, na nimeweka uzito zaidi kwenye maneno ya KUSOMA na KUSIKIA kuliko ya kusema.

Hatua ya 1: jua unaingia upande wa lugha gani

Chamonix, Val d'Isère na Courchevel ni Kifaransa. St. Anton na Kitzbühel (Austria) na Garmisch (Ujerumani) ni Kijerumani. Cortina na Cervinia ni Kiitaliano. Uswisi ndo inachanganya, Zermatt na Verbier ziko jimbo moja la Valais ila Zermatt wanaongea Kijerumani na Verbier Kifaransa. Alafu kutoka Zermatt unaweza kuteleza ukavuka mpaka ukaibukia Cervinia, Italia, mchana ukala huko (unahitaji tiketi ya lifti inayojumuisha nchi zote mbili, na beba pasipoti). Ule mlima maarufu uliochongoka uliopo hapo katikati Wajerumani wanauita Matterhorn, Waitaliano Cervino, Wafaransa Cervin, ni mlima uleule, usije ukadhani umepotea.

Matamshi kidogo, maana sisi tuna faida ambayo wengine hawana. Irabu za Kiitaliano ni karibu sawa na zetu, soma kama ilivyoandikwa, ila kumbuka *ch* kwao ni k, na *c* ikifuatwa na e au i ndo inakuwa ch ya chai. Kijerumani *w* ni v, *v* mara nyingi ni f, *ei* ni ai, *ie* ni ii, na ile *ch* baada ya a au o ni kh ya sabalkheri. Kifaransa *r* ipo jirani na gh ya ghali, na herufi za mwisho mara nyingi hazisomwi kabisa. Neno lenyewe *ski* Wafaransa wanasema ski, Wajerumani wanasema shii japo wameandika Ski, Waitaliano wanaandika *sci* na wao wanasema shii. Ukiwa Goma, Bukavu au Bujumbura na Kifaransa chako cha shule, umeshapiga hatua, ila maneno ya ski yenyewe hukufundishwa darasani kwa hiyo usiruke.

Hatua ya 2: dukani, kukodi vifaa

Tafuta bango *Location de skis* (Ufaransa), *Skiverleih* (tamka shii-ferlai), au *Noleggio sci* (nolejo shii). Ukiingia Ufaransa neno la kwanza ni *Bonjour*, kabla ya swali lolote, ukianza na swali bila Bonjour ni kama umeingia nyumba ya mtu bila hodi na utahudumiwa hivohivo. Austria ni *Grüß Gott* au *Servus*, Uswisi ya Kijerumani *Grüezi*, Italia *Buongiorno*.

Sasa sikiliza vizuri kipande hiki maana ndicho kinachookoa magoti. Mhudumu atakuuliza uzito, urefu, umri, saizi ya kiatu na kiwango chako. Siyo umbea. Kile kishikio kinachobana buti kwenye ski kina namba ya kurekebisha, na hiyo namba inapigwa kutokana na majibu yako pamoja na urefu wa soli ya buti. Ikiwa ya chini mno ski inachomoka hovyo, ikiwa ya juu mno unaanguka ski haitoki na goti ndo linalozunguka. Kwa hiyo usipunguze kilo kwa aibu na usijipandishe kiwango kwa sifa.

Uzito: *Quel est votre poids ?* (kel e votr pwa), *Wie schwer sind Sie?* (vii shver zint zii), *Quanto pesa?*
Urefu: *Votre taille ?* (votr tai), *Wie groß sind Sie?* (vii gros), *Quanto è alto?*, ukiwa mwanamke *alta*.
Kiatu: *Votre pointure ?*, *Welche Schuhgröße?*, *Che numero di scarpe?*

Buti za ski zinapimwa kwa sentimita za mguu, utaona 25.5 au 27, usishtuke, siyo namba uliyozoea kwenye raba. Kiwango chako: *Je suis débutant* (zhe swi debyutan, n ya mwisho ipitie puani), mwanamke *débutante* na hapo t inasikika. Kijerumani *Ich bin Anfänger* (anfenga), mwanamke *Anfängerin*. Kiitaliano *Sono principiante* (princhipyante), hii ni kwa wote.

Ukivaa buti simama, piga magoti mbele, vidole vinatakiwa virudi nyuma kidogo na kisigino kisinyanyuke. Kama kinabana sema *Ça serre trop* (sa ser tro), *Zu eng* (tsu eng), *Troppo stretti*. Kama kinalegea: *trop grand*, *zu weit*, *troppo larghi*. Na kama kuna sehemu inauma gusa na useme *ici* (isi), *hier* (hiia), *qui* (kwi), yaani hapa. Usiwe mpole, rudisha buti hata mara tatu, wao wamezoea.

Vifaa vingine haraka haraka: fimbo ni *bâtons*, *Stöcke*, *bastoncini*. Helmeti ni *casque*, *Helm*, *casco*. Miwani ya theluji *masque*, *Skibrille*, *maschera*. Glavu *gants*, *Handschuhe*, *guanti*. Buti zenyewe *chaussures de ski*, *Skischuhe*, *scarponi*. Na ukiona *caution*, *Kaution* au *cauzione* kwenye risiti, hiyo ni amana, utarudishiwa ukirudisha vitu, siyo onyo la hatari.

Hatua ya 3: tiketi na shule

Tiketi ya lifti Ufaransa inaitwa *forfait* (forfe), kwingine wanasema *Skipass* tu na utaeleweka. Nusu siku: *demi-journée*, *Halbtageskarte*, *mezza giornata*. Siku nzima: *journée*, *Tageskarte*, *giornaliero*.

Kaunta watakuuliza kuhusu bima: *Avec assurance ?*, *Mit Versicherung?*, *Con assicurazione?* Jibu ndiyo kama bima yako ya safari haitaji ski kwa jina, nyingi haziitaji. Italia bima ya kulipa madhara utakayomsababishia mtu mwingine ni lazima kisheria tangu Januari 2022, kwa hiyo huko usijiulize mara mbili.

Shule ya ski: *école de ski*, *Skischule* (shii-shule, na ndiyo, shule yetu tuliichukua kwao), *scuola di sci*. Mwalimu ni *moniteur* au *monitrice*, *Skilehrer* au *Skilehrerin*, *maestro* au *maestra*. Somo la kwanza kabisa ni kufunga breki kwa kukutanisha ncha za ski mbele na kutanua visigino, V iliyogeuzwa. Wafaransa wanaita *chasse-neige* (shas-nezh), Wajerumani *Schneepflug*, Waitaliano *spazzaneve*. Watoto wa Kijerumani wanafundishwa *Pizza* (ncha zikutane, punguza mwendo) na *Pommes*, yaani chipsi (ski sambamba, twende), na mwalimu anaweza kukupigia kelele "Pizza! Pizza!" hata kama una ndevu. Usicheke, fanya pizza.

Maneno ya mwalimu ambayo lazima uyashike: piga magoti ni *pliez les genoux* (pliye le zhenu), *in die Knie* (in di knii, k inasikika), *piega le ginocchia* (pyega le jinokya). Angalia mbele: *regarde devant*, *nach vorne schauen*, *guarda avanti*. Simama: *stop*, popote.

Hatua ya 4: lifti, hapa ndo kelele zinakuwa nyingi

Kuna aina nne na ramani inatumia majina yao. Kiti cha kuning'inia ni *télésiège* (telesyezh), *Sessellift* (zesel-lift), *seggiovia* (sejovia). Kibanda kidogo cha watu wachache ni *télécabine*, *Gondelbahn*, *cabinovia*. Kile kibanda kikubwa cha watu wengi ni *téléphérique*, *Seilbahn*, *funivia*. Alafu kuna lifti ya kukuvuta ukiwa umesimama kwenye ski zako: *téléski*, *Schlepplift*, *sciovia* au *skilift*. Wafaransa kwa mtaani wanaiita *tire-fesses*, kivuta makalio, jina la haki kabisa.

Lifti ya kuvuta kosa la kila mtu ni kukaa. Usikae! Ule mpini au kile kisahani kinakusukuma tu, ukikikalia kama kiti unaanguka na foleni nzima inasimama kukutazama. Kwa hiyo ukisikia *Nicht hinsetzen!*, *Ne vous asseyez pas !* au *Non sedersi!*, wewe ndo unaambiwa.

Kiti cha kuning'inia kina mabango matatu na yanakuja kwa mpangilio uleule kila mara. La kwanza ukishakaa: shusha chuma cha usalama, *Abaissez le garde-corps*, *Bügel schließen* (byugel shlisen), *Abbassare la barra*. La pili ukikaribia juu: inua ncha za ski, *Relevez vos spatules*, *Skispitzen anheben*, *Alzare le punte degli sci*. Hili usilipuuze, ncha zikishuka zinajikita kwenye theluji ya jukwaa na miguu inabaki nyuma wakati kiti kinaenda. La tatu: inua chuma, *Relevez le garde-corps*, *Bügel öffnen*, *Alzare la barra*. Kuna watu wanainua chuma mapema mno wakati bado mko juu hewani, ukikaa nao sema tu *nein nein* au *attendez* (atande), *aspetti*, yaani subiri.

Mle kwenye kibanda watu wanapiga stori, na mtu mweusi mwenye ski hakosi kuulizwa anatokea wapi, *D'où venez-vous ?*, *Woher kommen Sie?*, *Di dov'è?* Ukiwa Mkenya una jibu zuri, Philip Boit alishiriki mbio za ski za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Boit akampa mwanae jina la Dæhlie. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, akaipeperusha bendera PyeongChang 2018 kwenye ski za kuteremka mlima. Wazee wa milimani wengi bado wanaikumbuka ile ya Nagano.

Hatua ya 5: rangi za njia na mabango

Njia ya kutelezea ni *piste*, *Piste*, *pista*. Ufaransa zinaanza kijani (*verte*), bluu (*bleue*), nyekundu (*rouge*), nyeusi (*noire*). Austria, Ujerumani, Uswisi na Italia kwa kawaida hawana kijani, rahisi kabisa ni bluu: *blau* na *blu*, kisha *rot* na *rossa*, kisha *schwarz* na *nera*. Ila ukishawahi kuteleza Marekani angalia sana, bluu ya kule ni ya watu wa kati, ngumu kuliko bluu ya hapa. Japani nako ni kijani, nyekundu, nyeusi.

Mabango ya kukariri kabla hujapanda ndege, kama huna muda wa mengine yote kariri haya:

- Imefungwa: *fermé*, *gesperrt* (geshpert) au *geschlossen*, *chiuso* (kyuzo). Gesperrt ni nzito zaidi, maana yake usipite hapa.
- Hatari ya maporomoko ya theluji: *danger d'avalanche*, *Lawinengefahr* (lavinen-gefar), *pericolo valanghe*.
- Hatari ya kifo: *danger de mort*, *Lebensgefahr*, *pericolo di morte*.
- Punguza mwendo: *ralentir*, *langsam*, *rallentare*.
- Nje ya njia: *hors-piste* (or-pist), *abseits der Piste*, *fuoripista*. Kama ni mgeni wa ski hili neno ni ukuta.

Kijerumani kina *Skiroute*, inaonekana kwenye ramani kama njia nyingine lakini haisawazishwi na mashine kama piste, unaweza kukuta mabonde na theluji nzito, aanzaye asiingie. Na jioni baada ya kufunga kuna *Windenpräparierung*, neno refu na la kutisha kwa sababu nzuri, mashine ya kusawazisha inapandishwa kwa waya mrefu wa winchi uliofungwa juu mlimani, waya unakaza ghafla gizani na huuoni. Ndo maana ukisikia njia zimefungwa ondoka mlimani hata kama jua bado lipo.

Kiwango cha hatari ya maporomoko Ulaya nzima ni namba 1 hadi 5. Tatu inaitwa *marqué*, *erheblich*, *marcato*, na watu wanaisoma kama "wastani" kwa sababu iko katikati, wakati sehemu kubwa ya vifo hutokea hapohapo kwenye tatu. Nne ni *fort*, *groß*, *forte*.

Hali ya theluji yenyewe utaisikia kifungua kinywa. Theluji laini mpya: *poudreuse*, *Pulver*, *neve fresca*, nyuso zote zinang'aa siku hiyo. Barafu: *verglacé*, *eisig*, *ghiacciato*, subiri jua lipande kidogo. Theluji ya uji uji ya mchana wa machipuko: Wafaransa wanaiita *soupe*, Wajerumani *Sulz*, inachosha miguu vibaya. Na *jour blanc*, siku nyeupe, ni pale mbingu na ardhi vinafanana na huoni hata tuta mbele yako, siku hiyo fuata nguzo za pembeni au kaa unywe chokoleti.

Mtu akipiga kelele *Attention !*, *Achtung!* (akhtung), *Attenzione!* nyuma yako, usigeuke wala usikate kona, endelea ulivyokuwa. Kanuni za shirikisho la kimataifa la ski (FIS) zinampa haki aliye mbele, wa nyuma ndo anayetakiwa kukukwepa, na ukigeuka ghafla unamharibia hesabu.

Hatua ya 6: ukiumia au ukimkuta aliyeumia

Kwanza bila maneno: chukua ski mbili, zisimike kwenye theluji kwa alama ya X upande wa juu wa majeruhi ili wanaoshuka waone. Kisha tafuta nguzo ya pembeni, ina rangi ya njia na mara nyingi namba, ipige picha, hiyo namba na jina la njia ndo anwani yako.

Namba ya simu ni 112 nchi zote hizi. Austria waokoaji wa milimani ni 140. Uswisi helikopta za Rega ni 1414, ila jimbo la Valais, ambamo Zermatt na Verbier zimo, ni 144. Msaada: *Au secours !* (o sekur), *Hilfe!* (hilfe), *Aiuto!* (ayuto). Ajali: *accident*, *Unfall*, *incidente*.

Kuuma kuna sentensi moja tu ya kubadilisha kiungo. *J'ai mal au genou* (zhe mal o zhenu), *Mein Knie tut weh* (main knii tut vee), *Mi fa male il ginocchio*: goti linauma. Badilisha: kichwa ni *à la tête*, *Kopf*, *la testa*. Bega *à l'épaule*, *Schulter*, *la spalla*. Kifundo cha mkono *au poignet*, *Handgelenk*, *il polso*. Mgongo *au dos* (o do), *Rücken*, *la schiena*. Kama huwezi kusogea: *Je ne peux pas bouger*, *Ich kann mich nicht bewegen*, *Non riesco a muovermi*.

Helikopta ikija inua mikono yote miwili juu mwili uwe Y, maana yake ndiyo tunahitaji msaada. Mkono mmoja juu mmoja chini ni N, hapana. Kwa hiyo usiipungie mkono kwa furaha jamani, rubani anasoma ishara.

Hatua ya 7: kibandani kula, na kurudi

Kibanda cha mlimani ni *refuge* au *restaurant d'altitude*, *Hütte*, *rifugio*. Divai ya moto ni *vin chaud* (ven sho), *Glühwein*, *vin brulè*. Usiyekunywa pombe uliza *sans alcool*, *ohne Alkohol*, *senza alcol*, na angalia *bombardino* ya Waitaliano, inaonekana kama maziwa ya mayai yenye krimu kumbe ni kali. Nguruwe: *porc*, *Schwein*, *maiale*, na *Speck* na *lardons* navyo ni nguruwe, vinajificha kwenye supu na viazi. *Kaiserschmarrn* ya Austria haina shida sana, ni chapati ya maji nene iliyochanwachanwa na sukari juu, ila kwenye zabibu kavu uliza kama zimelowekwa kwenye ramu. Bili: *L'addition*, *Zahlen, bitte* (tsalen bite), *Il conto*.

Kabla hujaagiza lolote lakini uliza hili: lifti ya mwisho saa ngapi? *La dernière remontée est à quelle heure ?*, *Wann fährt die letzte Bahn?* (van feert di letste baan), *A che ora è l'ultima corsa?* Wakikujibu kwa namba toa simu waandike, na kumbuka saa zao ni za 24, 16:15 ni saa kumi na robo jioni yetu. Ukiikosa ukiwa upande wa Cervinia na hoteli iko Zermatt, ni kuzunguka milima kwa gari masaa mengi na bei yake hutaipenda. Njia ya kushukia mjini inaandikwa *retour station*, *Talabfahrt*, *pista di rientro*, na jioni huwa imekanyagwa na wengi imekuwa barafu, aanzaye ashuke na kibanda cha lifti tu, hakuna atakayekucheka.

Na ukiwa Val Gardena kule Dolomiti (milima ya kaskazini mwa Italia), kila mahali pana majina matatu, Kiitaliano, Kijerumani na Kiladino, lugha yao ya bondeni. Bonde lenyewe ni Val Gardena, Gröden, Gherdëina. Ortisei ni St. Ulrich ni Urtijëi. Basi likija limeandikwa Wolkenstein na hoteli yako iko Selva, panda, ni kijiji kilekile.